Je, wajua kwa nini utafiti uliokwenda kombo nao huchapishwa?

Mvuvi wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, akirudi kutoka dago, yaani kambi ya uvuvi, na nyavu zilizoraruka, wenzake hawamcheki sana. Wanamuuliza mwamba uko wapi. Jibu lake ni mali, kwa sababu kesho wao ndio watakaopita pale.

Kwenye majarida ya kitaaluma mambo hayakuwa hivyo kwa miaka mingi. Aliyepata "samaki" alichapishwa haraka, na aliyegonga mwamba aliifungia kazi yake ndani ya mtoto wa meza. Leo maadili ya uchapishaji yanamtaka aseme mwamba uko wapi. Sababu yake inaonekana vizuri katika kisa kilichotokea Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wengi wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, na malaria na minyoo vilikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Watafiti, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake, wakaweka swali jepesi: kila mtoto mdogo akipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, maradhi na vifo vitapungua? Nani angesema hapana? Dawa ya kuongeza damu ni jambo ambalo kila bibi analijua na kulisifu.

Watoto 24,076, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipewa chuma na foliki, la pili likapewa hivyo hivyo pamoja na zinki, na la tatu likapewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Mama hakujua mwanawe amepewa kipi, na aliyekuwa akikipeleka nyumbani hakujua pia.

Kulikuwa na kamati huru iliyokuwa ikizitazama takwimu kazi ikiendelea. Ilichokiona kikawashtua. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki au kulazwa hospitali kwa maradhi, kwa asilimia 12 kuliko wale wa plasebo. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yenye chuma yakasimamishwa.

Hapa ndipo maadili yanapopimwa. Jaribio limekula fedha na miaka, na mwisho wake ni habari mbaya. Ingekuwa rahisi kunyamaza, au kuichapisha ile sehemu tamu tu. Tena ilikuwepo: watoto waliochunguzwa damu na kukutwa kweli wana upungufu wa madini ya chuma pamoja na upungufu wa damu walifaidika. Mtu mjanja angeweza kuandika makala nzima juu ya hao na kuwaacha wengine.

Haikuwa hivyo. Januari 2006 matokeo yote ya chuma, ya heri na ya shari, yalitoka katika jarida la The Lancet. Toleo lilo hilo lilibeba jaribio linalofanana nalo kutoka Nepal, sehemu isiyo na malaria nyingi kama ilivyokuwa Pemba, ambako chuma hakikupunguza vifo lakini hakikuonekana kudhuru. Wasomaji walipoziweka makala hizo mbili pamoja, macho yote yakaelekea kwenye malaria. Kama ile ya Pemba ingefichwa, ya Nepal peke yake ingemwambia waziri wa afya wa nchi yenye mbu: gawa tu, haina neno.

Wapo waliojaribu kuficha, na tunajua gharama yake. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa kwa wakala wa dawa wa nchi hiyo. Kati ya 38 yaliyoonesha dawa inafanya kazi, 37 yalichapishwa. Kati ya 36 yaliyobaki, 22 hayakuonekana jaridani kabisa, na 11 yaliandikwa kana kwamba yamefaulu. Daktari anayesoma majarida kwa uaminifu wote angeamini karibu kila jaribio limefaulu, na hakuna hata mstari mmoja wa takwimu uliobuniwa. Binafsi naona hili ni baya kuliko wizi wa maandishi, maana mwizi wa maandishi hukamatwa kwa programu ya kompyuta, lakini kimya hakina programu ya kukikamata.

Ndiyo maana wahariri wa majarida makubwa ya tiba walitangaza mwaka 2004 sharti la usajili: kwa majaribio yanayoanza baada ya Julai 1, 2005, lile ambalo halikusajiliwa hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, hawatalichapisha. Ukishaandikisha swali lako mbele za watu, kutoweka na jibu kunakuwa kugumu. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani nalo, katika toleo la mwaka 2000, lilisema wazi kwamba matokeo hasi nayo yatolewe hadharani kama yale mazuri. Hoja ni nyepesi: mama aliyekubali mwanawe aingie katika jaribio hakukubali ili karatasi zake zikae gizani.

Baada ya makala ya Pemba, Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi, kwamba chuma kiwalenge watoto wenye upungufu badala ya kugawiwa wote. Kisha wengine wakapima tena, kwingineko, na mwaka 2016 mwongozo wa shirika hilo ukaruhusu kuwapa watoto chuma katika maeneo hayo, kwa sharti kwamba kinga, vipimo na tiba ya malaria viwepo.