Hiyo "mara tatu" ya betri ya aluminiamu mnaitoa wapi?

Juzi tena, pale Kibirizi, Kigoma, mdogo wangu mmoja anayechajisha betri za taa za wavuvi wa dagaa kaniambia, "Mwalimu, aluminiamu itaipiga lithiamu mara tatu, si inatoa elektroni tatu?" Jamani. Nimeisikia mpaka imenichosha.

Kwa uzito haiifikii hata, gramu ya aluminiamu inabeba chaji ya mAh (miliampea-saa) 2980, ya lithiamu 3861. Kwa ujazo ndo inapita, 8046 kwa 2062 kila sentimita ya ujazo, hapo sibishi.

Kinachoniudhi ni hiyo "tatu". Kwenye elektrolaiti ya kloraidi ya betri hizi, yaani kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya seli, hakuna ioni ya aluminiamu inayotembea peke yake na chaji zake tatu, muda wote klorini zimeing'ang'ania. Chukua elektrodi chanya ya oganiki, yaani ya molekuli za kaboni badala ya metali, kama antrakwinoni: molekuli ina oksijeni mbili, inapokea elektroni mbili, na kila oksijeni inashikwa na AlCl₂⁺ (aluminiamu na klorini zake mbili), yaani chaji MOJA. Hizo mbili ndo zinakupa mAh 257 kwa gramu, na hata ukileta lithiamu ni hizo hizo, molekuli haiwezi kuongeza elektroni eti kwa sababu mgeni kaja na tatu.

Halafu hizo klorini zinatoka wapi? Kwenye elektrolaiti! Ukichaji, kila atomu ya aluminiamu inayojibandika upande wa hasi inakula ioni nne za Al₂Cl₇⁻ za elektrolaiti, kwa hiyo elektrolaiti sio njia ya kupita tu, inatumika, lazima iingie kwenye mzani. Watu wanapima unga wa elektrodi peke yake wanatangaza namba kubwa, sio haki kabisa.

Volti nayo ni kama 1.1, taa ya volti 12 inataka seli 11 wakati za lithiamu-chuma-fosfeti zinatosha 4. Na msiniletee sufuria mbovu mkidhani betri hii mtajitengenezea nyumbani: elektrolaiti hii ikikutana na unyevu wa hewa inafuka moshi mweupe wa asidi unaokaba koo, hata chuma cha pua inakila.

Oganiki naipenda kweli, haihitaji kobalti. Ila kwinoni ndogo (ukoo wa hiyo antrakwinoni) zinayeyukia kwenye elektrolaiti, ndo maana kundi la mkemia Fraser Stoddart mwaka 2019 liliunganisha fenantrenkwinoni tatu, kwinoni nyingine, kuwa pete ya pembetatu. Wasiwasi wangu ni kwamba seli ikianza kuchoka, mchoro wa chaji haukwambii kama molekuli imeyeyuka au AlCl₂⁺ imekwama humo humo, mpaka uifungue, na ukishaifungua hiyo seli imekufa.