Kuchanganya kushoto na kulia si ugonjwa

Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kwamba mtoto wa miaka 4 asiyejua kushoto na kulia ana tatizo la ubongo, na kwamba akalishwe na daftari afundishwe, si kweli. Tafadhali usiusambaze, unawatia wazazi hofu bure. Watoto wengi huzishika pande za mwili wao wakiwa na miaka 6 au 7, na za mtu anayewatazama baadaye zaidi. Huanza na maneno kama ndani, juu, chini, tena kwa kucheza. Jaribu: mwambie apite chini ya meza, ajifiche nyuma ya kiti. Kinachomchanganya ni sisi kumfundisha kushoto na kulia tukiwa tumemkabili, mkono wetu wa kulia ukiwa upande wake wa kushoto. Simama ubavuni mwake, kisha rukeni pamoja, kulia na kushoto.