Kipimo cha damu peke yake hakithibitishi saratani ya tumbo

Imani kwamba kipimo kimoja cha damu kinatosha kuthibitisha au kukanusha saratani iliyo ndani ya tumbo au nyonga, kama ya ovari (kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai), imeenea mno, na inawaumiza watu. CA-125, protini ya damuni inayopimwa kama kiashiria cha saratani ya ovari, ikizidi yuniti 35 kwa mililita, wengi hukata tamaa. Kumbe protini hiyo hupanda hata wakati wa hedhi na ujauzito, au kwa fibroidi, endometriosisi (tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), ugonjwa wa ini na kifua kikuu cha tumbo. Hicho cha mwisho hutibika kwa dawa, ila huweza kujaza maji tumboni na kufanana sana na saratani ya ovari. Kwa upande mwingine, takriban nusu ya saratani za ovari zilizo katika hatua ya kwanza huwa na CA-125 ya kawaida.

Katika saratani adimu kama pseudomiksoma ya peritonia (utando unaofunika tumbo kwa ndani), ambayo mara nyingi huanzia kwenye kidole tumbo na kujaza ute tumboni, viashiria vya damu kama CA-125 hufaa zaidi kumfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji. Utambuzi hutegemea picha za CT na kinyama kinachochunguzwa kwa hadubini. Uvimbe wa chembe za uzazi ni tofauti kidogo: hapo protini ya AFP au homoni ya hCG ikipanda sana katika damu humwelekeza daktari vizuri.