Neno limekwama, je, akili nayo? Maswali na majibu kuhusu kumpima fikra mtu mwenye afasia

Afasia ni nini hasa?

Ni kupotea au kupungua kwa uwezo wa lugha baada ya ubongo kuumia. Mara nyingi chanzo ni kiharusi kilichopiga upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaobeba lugha. Jeraha la kichwa, uvimbe au maambukizi ya ubongo pia huweza kuileta. Mmoja huelewa anachoambiwa ila maneno hayatoki. Mwingine huongea mfululizo lakini maneno hayashikani, na yeye mwenyewe haelewi vizuri ya wenzake. Kusoma na kuandika navyo huguswa, ndiyo maana kumpa kalamu ili “aandike basi anachotaka” hakusaidii kama watu wanavyotarajia.

Baba hawezi kusema hata jina langu. Tutajuaje kama bado anafikiri?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa kila alichoulizwa alijibu karibu sauti moja tu: “tan”. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Broca alimuuliza amekaa miaka mingapi katika hospitali ile ya Bicêtre. Leborgne akafumbua kiganja cha kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21, na ndivyo ilivyokuwa. Hakutamka neno, lakini alikumbuka, alihesabu na alitafuta njia ya kujibu.

Karne iliyofuata, mtunzi wa muziki wa Urusi Vissarion Shebalin alipigwa na kiharusi mara mbili, akabaki na afasia nzito, lakini mwaka 1962 alikamilisha simfonia yake ya tano. Na mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza walieleza habari za wanaume watatu wenye afasia kali. Walishindwa kutofautisha sentensi kama “mtu amemuua simba” na “simba amemuua mtu”, lakini kwenye hesabu walijua vyema kwamba 59 kutoa 13 si sawa na 13 kutoa 59. Mpangilio ule ule uliowashinda kwenye maneno haukuwashinda kwenye tarakimu.

Hii haina maana kwamba kila mwenye afasia yuko salama kwingine kote. Kiharusi hakichagui mipaka, na wengi huumia pia kumbukumbu, umakini au uwezo wa kupanga mambo. Ndiyo sababu ya kupima badala ya kukisia, kwa wema au kwa ubaya.

Alipewa kipimo cha alama 30 akapata 6. Ina maana akili imekwenda?

Mimi nisingeitegemea namba hiyo hata kidogo. Chukua kipimo kifupi cha hali ya akili cha mwaka 1975, ambacho bado kinatumika sana. Mtu anaulizwa tarehe na mahali alipo, anakariri maneno matatu, anahesabu kwa sauti akirudi nyuma, anataja majina ya vitu, anarudia sentensi, anatii maagizo, anasoma, anaandika. Katika alama zote 30 ni moja tu, ya kunakili pentagoni mbili (maumbo ya pembe tano) zinazopishana, ambayo haihitaji mtu kuzalisha au kuchambua lugha. Nayo maelekezo yake hutolewa kwa mdomo! Alama 6 hapo zinaweza kuwa zinapima afasia ambayo tayari mnaijua.

Basi anapimwaje bila maneno?

Kwa kuuliza macho na mkono. Maarufu zaidi ni matriki za Raven, zilizotolewa mwaka 1938: mchoro wenye pengo, na chini yake vipande kadhaa, mtu anaonyesha kinachofaa kuziba. Toleo la rangi lina maswali 36. Michoro inazidi kuwa migumu, na hapo ndipo uwezo wa kufikiri unapoonekana.

Kwa kumbukumbu ya muda mfupi kuna vibao vya Corsi. Ni vibao tisa vilivyotawanyika ubaoni. Mpimaji anagusa viwili, mgonjwa naye anagusa vile vile kwa mfuatano ule ule, halafu vitatu, vinne na kuendelea. Mtu mzima asiye na tatizo kwa kawaida hufika vitano au sita. Kwa wepesi wa kubadili mawazo, mtu hupanga kadi kwa rangi, umbo au idadi, na kanuni hubadilishwa kimyakimya ili kuona kama atagundua na kuigeuza mbinu yake. Kwa umakini, anapewa ukurasa uliojaa alama ndogondogo akate za aina moja tu. Kwa maarifa ya dunia, anaonyeshwa picha ya piramidi na kuombwa achague kati ya mtende na msonobari upi unaendana nayo.

Ila kinachobeba kazi yote ni namna ya kuelekeza. Mpimaji mzuri hasemi sana. Anafanya mfano yeye mwenyewe, anampa mgonjwa ajaribu, anamsahihisha kwa ishara, anarudia tena. Alama zinaanza kuhesabiwa pale tu inapoonekana mchezo umeeleweka. Bila hatua hiyo, aliyeshindwa kuelewa maelekezo ataandikiwa kwamba ameshindwa kufikiri.

Kwa hiyo vipimo vya picha havina kasoro?

Zipo, na hapa wengi hujidanganya. Kwanza, watu huzungumza moyoni. Ukiona nyota na mraba, unavitaja kimya ili kuvishika. Mwenye afasia amenyang’anywa msaada huo hata kama hakuna aliyemtaka aseme. Pili, mkono. Aliyepooza kulia anatumia kushoto, kwa hiyo kipimo chenye saa kitamhukumu kwa wepesi wa mkono. Tatu, macho: kiharusi cha kushoto kinaweza kuondoa nusu ya kulia ya uoni, na jibu sahihi likiwekwa upande huo ni kama halipo. Ndiyo maana kipimo cha kiharusi kilichoandaliwa Oxford na kuchapishwa mwaka 2015 hupanga machaguo kwa wima, katikati ya ukurasa.

Na kuna shule. Asiyezoea penseli na michoro ya kijiometri ataonekana dhaifu kabla hata ya ugonjwa. (Ule mfano wa piramidi nao unamdai mtu awe amewahi kuiona, walau kwenye picha.)

Anaitikia “ndiyo” kwa kila kitu. Tumwamini?

Polepole. Katika afasia, “ndiyo” inaweza kutoka mtu akikusudia “hapana”. Muulize jambo unalolijua kwa pande zote mbili: “Umekaa?” kisha “Umesimama?” Majibu yakigongana, tumieni alama mbili za kugusa au picha, moja ya “ndiyo” na nyingine ya “hapana”.

Apimwe lini?

Siku za mwanzo uchovu ni mwingi na hali hubadilika haraka, kwa hiyo kipimo cha wakati huo ni picha ya siku hiyo tu. Kirudiwe baada ya wiki na miezi, kwa vipindi vifupi. Sonona (huzuni nzito inayodumu) nayo iangaliwe mapema, maana huweza kufanana kabisa na akili iliyopungua. Yapo madodoso ya kuipima ambayo ndugu au muuguzi anayajaza kwa kutazama mwenendo wa mgonjwa.

Sisi wa nyumbani tuna la kufanya?

Tena kubwa. Msimfanyie mtihani, mtazameni. Je, anacheka mahali pa kuchekesha? Anagundua mkimwekea kiatu cha kushoto mguu wa kulia? Anakumbuka dawa imewekwa wapi? Anacheza karata kwa kufuata kanuni? Andikeni na tarehe, mumpelekee mpimaji. Siku ya kipimo msisahau miwani na kifaa chake cha kusikia.

Ripoti ikitoka, ulizeni maswali matatu: maelekezo aliyaelewa kwa njia gani, alitumia mkono upi, na ni sehemu zipi zilihitaji maneno? Kama majibu hayamo, ombeni yaandikwe kabla ripoti haijaingia kwenye faili lake.