Kuchagua panforte sokoni Montepulciano

Kazi yangu ni kuoka, na Desemba ikinikuta Italia lazima nipande Montepulciano, kwenye soko la Krismasi, kutafuta panforte, keki ngumu ya lozi, asali na viungo.

Mji huo uko kileleni, mita 605 juu ya usawa wa bahari, katika mkoa wa Siena. Treni haifiki huko juu. Nashuka Chiusi, nachukua basi, halafu ni mwendo wa miguu: njia ya Corso inaanzia lango la Porta al Prato na kupanda kuelekea uwanja wa Piazza Grande, mbele ya kanisa kuu ambalo uso wake haujamaliziwa hadi leo. Vibanda vya mbao vinapangwa hapo kuanzia katikati ya Novemba hadi Epifania, 6 Januari. Vaa viatu visivyoteleza, maana mawe yakilowa ni hatari.

Jibini, soseji na divai ya Vino Nobile vimejaa tele. Navipita.

Panforte maana yake mkate mkali, na ukali ni wa viungo. Zamani vilifika Italia kwa bei ya kutisha, vikauzwa na wauza dawa, na hao ndio waliotengeneza panforte. Karafuu zao hazikuwa za kwetu. Zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, kwa kuwa Unguja ilianza kulima karafuu karne ya 19. Panforte ya kale ni nyeusi, yenye pilipili manga. Nyeupe, iliyopakwa sukari ya unga, ilizaliwa 1879 kwa heshima ya Malkia Margherita wa Italia alipozuru Siena.

Aliyewahi kupika kashata ataelewa upesi. Asali na sukari vinachemshwa mpaka tone likidondoshwa kwenye maji baridi lifanye kidonge laini. Hapo shira inamiminwa juu ya lozi nzima, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, unga kidogo, mdalasini, karafuu, kungumanga na giligilani. Unachanganya haraka kabla haijakaza, unaikandamiza juu ya karatasi ya hostia, ile ile ya kanisani, kisha oveni ya moto mdogo. Shira ikizidi moto, panforte inakuwa jiwe. Ikipungua, inanata kwenye meno na kulegea ikikatwa.

Kwa hiyo usinunue iliyofungwa tayari. Mwaka mmoja nilichukua yenye utepe mwekundu, nikaisafirisha mpaka Tanga kwa mama. Tulipoikata ilikuwa unga mtupu, na lozi za kuhesabu. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimemsifia kwa miezi.

Sasa namwomba muuzaji akate mbele yangu. Kisu kinapaswa kupita kwa shida kidogo, na lozi zikatike nazo badala ya kung'oka. Kipande nakishika kwenye mwanga: kiwe na lozi nyingi kuliko unga, na hostia iwe imeshikana nacho chini. Kisha nanusa. Mdalasini ukifunika kila kitu, naondoka. Natafuta ile ambayo giligilani inakuja mwanzo na karafuu inabaki kooni.

Ikifungwa vizuri kwenye karatasi inadumu miezi. Ya mwaka uliofuata mama aliikata vipande vyembamba, tukashushia na kahawa chungu, na kabla hatujamaliza alikuwa ameshauliza lozi zilikaangwa au la.