Ombwe: Sifuri Ipi?

Ombwe ni nafasi iliyofungwa ambamo mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko ule wa hewa ya nje. Maana yenyewe inaishia hapo, na nisingeiandika kama nisingesikia tena na tena, kwenye mashine za kufungashia korosho hapa Mtwara, fundi akimwambia mwenzake: "Inasoma sifuri, hakuna ombwe, fungua."

Nadhani lugha ya siasa imechangia, kwa kuwa "ombwe la uongozi" limetuzoesha kuliona ombwe kama kitu ambacho ama kipo ama hakipo. Hata neno la Kilatini vacuus, lililozaa vakyumu ya mafundi, lina maana ya "tupu". Ombwe la mashine, hata hivyo, lina viwango, na kila kiwango huhesabiwa kuanzia mahali fulani. Jaribio la Evangelista Torricelli la mwaka 1643, huko Italia, lilionyesha kwamba hewa inayotuzunguka huinua zebaki ndani ya mrija kiasi cha milimita 760. Kwa sisi wa pwani, hiyo ni kama kilopaskali 101, kwa kipimo cha kisasa cha mgandamizo.

Geji ya kawaida, yaani kipimo cha mgandamizo chenye mshale, huihesabu hewa hiyo kuwa sifuri, na mshale wake hurudi nyuma kuelekea baa -1 (baa moja ni kilopaskali 100) kadiri pampu inavyotoa hewa. Kihisi cha mgandamizo halisi huanza kuhesabu kwenye utupu kamili, hivyo mashine iliyo wazi husoma 101, na sifuri ndiyo ombwe la mwisho kabisa. Kosa huingia siku kihisi cha aina moja kinapofungwa mahali pa kingine bila mtu kusoma kibandiko chake. Kijana mmoja alichomoa bomba la kipenyo cha sentimita 5 akiamini sifuri aliyoiona, likamnasa kiganja. Katika ombwe kamili, hewa ya nje hukikandamiza kiganja hapo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20 hivi, na duara jekundu lilibaki mkononi mwake hadi jioni.

Kabla ya kuchomoa au kupachika kihisi au valvu, umeme hukatwa, pampu hutengwa, na hewa huingizwa polepole mpaka ndani na nje zilingane. Basi, ndugu mafundi, badala ya kusema "imefika sifuri", tuseme "hewa imelingana". Na mwenzetu akitaja sifuri, tumuulize kwa upole ni ya geji au ya mgandamizo halisi, kabla hajashika spana.