"Treni inarudisha umeme, kwa hiyo inatembea bure": jamani, tuanzie kwa EM1

Tangu SGR yetu ya umeme ianze kubeba abiria Dar mpaka Dodoma mwaka 2024 sijapumzika. Nikijitambulisha tu kwamba kazi yangu ni umeme wa treni, mtu anasogeza kiti: "Enhe fundi, hivi ni kweli hizi treni za kisasa zikishuka mlima zinarudisha umeme, yaani kama zinatembea bure?" Wiki iliyopita nimeulizwa mara tatu, ya tatu ilikuwa msibani. Kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Na SGR naiacha pembeni kabisa, natumia kichwa cha mizigo cha Waingereza kinachoitwa EM1, baadaye wakakiita Class 76, kwa sababu kile kilifanya haya yote kabla baba yangu hajaanza shule.

Hilo neno "kisasa" tulimalize haraka. EM1 57 zilitengenezwa karakana ya Gorton, Manchester, kati ya 1950 na 1953, na zilitoka na breki ya kurudisha umeme. Wala sio za kwanza, kule Montana Marekani reli ya Milwaukee Road ilishakuwa inafanya hivyo tangu miaka ya 1915 na 1916. Ni teknolojia ya zaidi ya miaka mia, basi.

Sasa "bure". Hapa ndipo naumwa kichwa.

Chukua njia yenyewe ya Woodhead, inatoka Manchester inakatiza milima ya Pennines mpaka Sheffield, na tawi lake linashuka kwenye migodi ya makaa ya mawe upande wa Wath. Waya wa juu ni volti 1500 DC, umeme wa aina ya betri. Kichwa kina mota nne, moja kila ekseli, ukipanda zinakula umeme wa waya, ukishuka dereva anazigeuza, magurudumu yanazungusha mota badala ya mota kuzungusha magurudumu, zinakuwa jenereta, na umeme ukizidi kidogo volti za waya unapanda kwenda juu kupitia pantografu ile ile, yaani ule mkono wa juu ya kichwa unaogusa waya. Mpaka hapo kila mtu ananifuata na anatikisa kichwa. Swali ambalo hakuna anayeliuliza ni hili: nani anaupokea?

Kwa sababu umeme haukai kwenye waya unasubiri. Ni kama maziwa, ng'ombe umeshamkamua, kama mnunuzi hayupo mlangoni na friji huna, yanaharibika. Pale Woodhead mnunuzi alikuwa treni nyingine inayopanda muda huo huo karibu na hapo. Ikiwepo, safi kabisa, inayoshuka inaisukuma inayopanda. Isipokuwepo umeme hauna pa kwenda, maana vituo vya kupozea umeme vya enzi zile vilikuwa na rektifaya, na rektifaya ni mlango wa upande mmoja, AC, umeme wa aina ya majumbani, inaingia inatoka DC, kurudi hairudi. Volti zinapanda, mota zinakosa wa kumpa, breki inakufa mkononi mwa dereva, na nyuma yake kuna mamia ya tani za makaa zinateremka. Ndio maana kwenye baadhi ya vituo walifunga rezista za kuumeza huo umeme uliokosa mteja, unageuka joto linaishia hewani. Pata picha, umeme "wa bure" wenyewe unachomwa makusudi ili treni isikimbie!

Na hata siku mnunuzi yupo hurudishiwi vyote. Kuna kinacholiwa na mota, kinacholiwa na waya, kinacholiwa na upepo na msuguano wa magurudumu njia nzima. Alafu mwendo ukipungua sana mota haifikishi tena volti za kuushinda waya, kwa hiyo mwisho wa mteremko breki hii inaishiwa na unarudi kwenye breki za kawaida. Ndio maana EM1 baadaye ziliongezewa breki ya rezista zilizobebwa na kichwa chenyewe, isiyomtegemea mteja wala waya. Vijana wangu nawaambia hivi kila mwaka: ukisikia mtu anajisifu kwa asilimia za umeme unaorudi, muulize ratiba ya treni kwanza, ya mota baadaye.

Tena faida kubwa pale Woodhead haikuwa bili. Mabehewa mengi ya makaa ya wakati ule hayakuwa na breki ya pamoja inayoendeshwa na dereva, kila behewa na mkono wake wa breki pembeni. Ukifika juu ya mlima kwa kichwa cha mvuke unasimama, watu wanatembea wanakaza breki behewa kwa behewa, mnateremka mnanuka chuma kilichoungua, mkifika chini mnasimama tena kuzilegeza. EM1 inaishikilia treni kwa mota zake zenyewe, hakuna kiatu cha breki kinacholika. Kwa mimi fundi hiyo ndio habari. Umeme unaorudi ni chenji tu.

Haya, mengine nayapitisha fasta.

"EM1 ilibuniwa baada ya vita." Hapana, ilijengwa baada ya vita. Ya kwanza, namba 6701, ilitoka karakana ya Doncaster mwaka 1941, mwaka ule ule aliofariki Nigel Gresley, mhandisi mkuu wa mitambo wa reli ya LNER, ambaye ofisi yake ndio iliyoibuni. Vita ikasimamisha kazi ya waya, kikabaki kichwa bila njia yake. Mwaka 1947 wakakiazima Uholanzi, ambako reli ilikuwa imeharibiwa vibaya na vita na volti zao ni hizo hizo 1500. Waholanzi wakakiita Tommy, jina walilokuwa wakiwaita askari wa Kiingereza, na kiliporudi Uingereza 1952 jina likabandikwa rasmi. Kwa hiyo wanaosema "kiliuzwa" wanachanganya na EM2, ndugu zake saba wa abiria, hao kweli waliuzwa Uholanzi 1969.

"Vichwa vya umeme vilikuwa dhaifu kuliko mvuke." Kwenye tawi la Wath kuna mlima wa Worsborough, kila mita 40 unapanda mita 1. Kabla ya umeme kusukuma kule nyuma walikuwa wamemweka Garratt mmoja mkubwa, kichwa cha mvuke, U1 wa mwaka 1925, aliyetengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock. Wazee wa reli Kenya jina hilo wanalijua, ndio waliotengeneza Garratt 34 za Class 59 za East African Railways mwaka 1955 na 1956, na kiwanda chao kilikuwa hapo hapo Gorton, kinatazamana na karakana ya EM1, reli tu katikati. Waya ulipofika Worsborough 1952 yule U1 akakosa kazi, akahamishwa mlima mwingine, 1955 akastaafishwa. Mabavu yake yalikuwa ya kweli, ila EM1 haisimami kunywa maji.

"Volti 1500 lilikuwa kosa la kijinga." Rahisi kusema leo. Walipoamua, miaka ya 1930, ndio ilikuwa standadi yao. Volti 25,000 AC, Waingereza waliichukua mwaka 1956 na Woodhead ilishakamilika 1954. Waholanzi wanatumia 1500 mpaka leo na treni zinafika.

Sasa lile la mwisho ambalo huwa linaniudhi karibu sawa na la kwanza: "njia ilifungwa kwa sababu vichwa vilishindwa." Nani alishindwa? Treni za makaa za miaka ya mwisho zilikuwa zinakwenda na EM1 mbili mbele na mbili nyuma zinasukuma pale Worsborough, vichwa vya umri wa miaka 25 na zaidi. Kilichopungua ni mzigo. Makaa ya kuvuka milima yalishuka, abiria walishahamishiwa njia nyingine Januari 1970, mitambo ya umeme ilihitaji kufanywa upya, na ile 1500 haikuungana na mfumo mwingine wa mizigo nchini kwa hiyo vichwa vilibadilishwa njiani. Hesabu ya kiofisi hiyo, ubishani wake haujaisha mpaka leo. Treni ya mwisho ilipita Julai 1981. Imebaki EM1 moja nzima, 26020, iko makumbusho ya reli York.

Na lile handaki la Woodhead la karibu kilomita 5, walilochimba upya mahsusi kwa treni za umeme, wengi wanadhani limefukiwa. Lipo. Leo limebeba nyaya za gridi ya taifa, volti 400,000.